Sura ya Tano: Picha Zinazokataa Kukauka

Sisi tuliosoma shule za Ujiji tumewahi kupangwa wawili wawili, tukateremshwa kwa miguu hadi Makumbusho ya Livingstone. Nje kuna miembe ambayo wenyeji husema ni uzao wa ule mwembe ambao Stanley na Livingstone walikutana chini yake mwaka 1871. Ndani wamesimama wazungu wawili waliotengenezwa kwa karatasi na gundi, wameelekeana, kofia mkononi. Mmoja ni Henry Morton Stanley, mwingine ni David Livingstone. Mwalimu hueleza, watoto huitikia, kisha kila mmoja huruhusiwa kusogea karibu aangalie.

Nilipokuwa mtoto niliwaangalia wale wawili nikaridhika. Ilinichukua miaka mingi kujua nani hayumo. Stanley mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1872, anaeleza kwamba alipokuwa anaingia Ujiji, sauti ya kwanza kumwamkia kwa Kiingereza kutoka kwenye umati ilikuwa ya Susi, mtumishi wa Livingstone. Stanley akamtuma akatoe habari, na Susi akatimua mbio mjini. Ni huyu huyu Susi ambaye, Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, pamoja na mtumishi mwenzake Chuma na wengine, waliubeba mwili wake kwa miezi kadhaa hadi Bagamoyo.

Waliosimama wamepata sanamu. Aliyekimbia hana.

Sura hii inamhusu mwanamke ambaye hajapata umaarufu kwa kuchora Ujiji. Ni Mkenya, mtu wa Nairobi, jina lake Ng'endo Mukii, na ni miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kujulikana duniani kama waongozaji wa filamu za katuni. Ninaandika habari zake kutoka ufuko wa Tanganyika kwa sababu kazi yake yote inazunguka swali ambalo lile jumba letu dogo la Ujiji linaliuliza bila kulitamka: mtu aliyegandishwa ndani ya picha ya mwenzake atapataje kutembea tena?

Neno lenye uhai ndani yake

Mitaani tunasema katuni, na neno hilo linatutosha. Lakini wataalamu wa Kiswahili wametupa neno jingine, uhuishaji, na ndani yake umo uhai. Kuhuisha ni kukipa uhai kitu kisichokuwa nacho, au kilichokuwa nacho kikaupoteza. Aliyelichagua neno hili aliielewa kazi yenyewe kuliko wengi wanaoitazama.

Kazi yenyewe ni ya subira. Filamu hupita mbele ya macho yetu kwa picha 24 kila sekunde, na katika katuni ya kuchorwa kwa mkono kila mchoro mara nyingi huonyeshwa mara mbili, kwa hiyo sekunde moja hula michoro 12. Mtoto akinyanyua mkono kumwamkia mama yake, mkono huo umechorwa ukiwa chini, ukiwa umepanda kidogo, ukiwa umepanda zaidi, mpaka ufike. Kila hatua kuna mtu aliyekaa akaamua: hapa bega linainuka, hapa kichwa kinainama kwa adabu. Kamera ya kawaida huokota yaliyopo. Mhuishaji hana cha kuokota, asipochora hakuna kitakachotokea.

Ng'endo Mukii alijifunza ufundi huu kwanza Rhode Island School of Design nchini Marekani, kisha Royal College of Art mjini London, alikomaliza shahada ya pili mwaka 2012. Huko London alitoka na vitu viwili vilivyomtambulisha hadi leo: filamu fupi na wazo.

Tuanze na wazo. Katika maandishi na mihadhara yake anafananisha picha ambazo Ulaya na Marekani zilizoea kuwapiga watu wa Afrika na ule ufundi wa kumkausha mnyama aliyekufa, kumjaza vitu ndani na kumsimamisha kwenye kioo ili aonekane kama yu hai. Manyoya ni yake, pembe ni zake, hata macho yanang'aa. Lakini mkao ule amepangiwa na mtu mwingine, na hataubadili milele. Ndivyo, anasema, walivyofanyiwa watu wengi waliowekwa kwenye majarida ya safari na filamu za wataalamu wa makabila: wakasimamishwa na shanga zao na mikuki yao, nje ya wakati, kana kwamba hawana jana wala kesho. Kwake, uhuishaji ni njia ya kuwarudishia mwendo.

Anayefahamu ufuko wa Kibirizi hahitaji maelezo marefu. Pale kina mama huanika dagaa tangu jua linapochomoza. Dagaa mkavu husafiri mbali, hufika Dodoma, hufika Lubumbashi, na ni chakula kizuri. Ila ukimtazama kwenye gunia huwezi kujua jinsi alivyokuwa akigeuka na wenzake elfu kwa pigo moja, chini ya mwanga wa karabai, usiku usio na mwezi. Mwendo ule haukauki pamoja naye. Mwendo hubaki ziwani.

Ufuko uliopigwa picha sana

Ufuko wetu umepigwa picha kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Julai 1960 Jane Goodall alishuka Gombe kuwachunguza sokwe, na miaka iliyofuata jarida la National Geographic likaipeleka misitu ile katika nyumba za mamilioni ya watu. Goodall alifanya jambo kubwa: alikataa kuwapa sokwe namba, akawapa majina, akamwona kila mmoja kuwa nafsi yenye tabia yake. Mmoja wao, Flo, alipokufa mwaka 1972, gazeti la Sunday Times la London lilichapisha tanzia yake. Sokwe jike wa Kigoma aliombolezwa Ulaya kwa jina, kwa wanawe na kwa tabia zake.

Simnyimi Flo heshima hiyo. Ninaitumia kama kipimo. Ikiwa jicho la mgeni liliweza kujifunza kumwona sokwe mmoja mmoja, basi haiwezekani kwamba mvuvi wa kijiji cha Mwamgongo alikosa jina kwa sababu alikuwa mgumu kumwona. Alikuwa sehemu ya mandhari tu, mtumbwi na maji na machweo.

Kabla ya hapo, mwaka 1935 hadi 1937, wamisionari, kwa msaada wa watawala wa kikoloni, walikuwa wamejaribu kuwatengenezea wenyeji wa Afrika Mashariki filamu zao kutoka kambi ya Vugiri, milima ya Usambara. Mradi ule ulitengeneza filamu 35, nyingi za kufundisha kilimo, afya na uchumi, zikazungushwa kwa lori. Watu weusi walikuwa mbele ya kamera na mbele ya kitambaa. Uamuzi wa hadithi ipi isimuliwe, na kwa shabaha gani, ulikuwa wa wengine.

Huo ndio urithi ambao Mukii aliukuta. Sehemu ya kuanzia kuujibu hakuitafuta kwenye majumba ya kumbukumbu. Alianzia saluni.

Saluni na mkorogo

Filamu yake ya kuhitimu, Yellow Fever, ya mwaka 2012, ni ya dakika kama saba. Jina hilo Fela Kuti wa Nigeria alikwisha kulitumia mwaka 1976 kwa wimbo kuhusu wanawake wanaojichubua. Mukii anaanza na kumbukumbu ya utotoni: mwanamke aliyekuwa akimsuka nywele, ambaye ngozi ya uso wake ilikuwa imechubuliwa ikawa nyeupe huku vifundo vya vidole vikibaki vyeusi. Neno analolitumia tunalijua sote kuanzia Nairobi hadi soko la Mwanga hapa Kigoma: mkorogo.

Mkorogo ni krimu zilizokorogwa pamoja, mara nyingi zenye zebaki au haidrokwinoni. Zebaki hupenya ngozini na kudhuru figo. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye vitu hivyo, na bado vinauzwa. Na jamii inayomsifia binti kwa weupe wake ndiyo hiyo hiyo inayomcheka anapojichubua. Mitaani upo msemo mkali, uso Fanta, miguu Coca-Cola, na wanaousema hucheka.

Filamu haimcheki. Inauliza alikoipata njaa ile ya weupe. Mukii amewahoji watu wa familia yake, mama yake na mpwa wake mdogo, na mtoto yule anaeleza kwa utulivu kabisa, kama anayezungumzia nguo ya sikukuu, kwamba angependa kuwa mweupe. Hapo ndipo mtazamaji hupigwa kifuani. Hakuna aliyemfundisha mtoto maneno hayo kwa kumketisha chini. Ameyaokota kwenye televisheni, kwenye matangazo, kwenye salamu za shangazi wanaomsifu mwenzake.

Nimeiangalia filamu hii mara nyingi, na kinachonirudisha ni jinsi inavyokataa kukaa katika umbo moja. Sehemu fulani imechorwa. Sehemu nyingine ni wanawake halisi wanaocheza dansi, miili yao imepigwa picha moja moja na kuunganishwa, ikawa inakwama na kushtuka kama mtu anayejaribu kuitoka ngozi yake. Kisha michoro inarudi. Mtu akikwambia tu kwamba mwanamke anayejichubua ana vita ndani yake, utaitikia na kusahau. Ukimwona mwili unapigana na ngozi yake mbele yako, utakumbuka.

Yellow Fever ilizunguka matamasha ya dunia na kupata tuzo ya Silver Hugo katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Chicago. Ninaitaja tuzo hiyo kwa sababu inatufundisha jambo: hadithi ya saluni ya Nairobi, yenye neno la Kiswahili katikati yake, haikuhitaji kuongezwa simba wala machweo ili ieleweke Chicago.

Sauti ya kweli, uso wa kuchorwa

Baada ya London, Mukii alirudi kufanya kazi Nairobi. Mwaka 2015 alitoa This Migrant Business, filamu fupi ya hali halisi iliyohuishwa, kuhusu biashara ya kuwasafirisha wahamiaji kutoka Pembe ya Afrika kuvuka bahari hadi Yemen. Ipo pia Kitwana's Journey, kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu, na mwaka 2017 Nairobi Berries, kazi ya kishairi ya uhalisia pepe ambayo mtazamaji huvaa miwani maalumu na kujikuta yuko ndani ya jiji lenyewe.

Swali la haki ni hili: kwa nini kuchora kitu kilichotokea kweli? Je, kuchora si kukibadili?

Jibu liko kwenye mahojiano. Mtu aliyeuzwa na dalali njiani akikubali kusimulia, kamera ya kawaida inamtaka alipe kwa uso wake. Uso huo utaonekana na waliomuuza, utaonekana na wakwe, utabaki kwenye intaneti hata atakapotamani kusahaulika. Katuni inampa nafasi ya kusema bila kulipa. Sauti ni yake au maneno ni yake, lakini uso ni wa kuchorwa. Na mtazamaji naye amenyang'anywa kisingizio, maana huwezi kusema huyu ni yule maskini wa kule. Uso wa kuchorwa unaweza kuwa wa dada yako.

Mwaka huo huo wa 2015 sisi wa Kigoma tulijifunza thamani ya jambo hili. Mwezi Mei, makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na maji, mpakani kabisa. Kipindupindu kikaingia. Njia kubwa ya kutoka ilikuwa ziwa, na meli ya Mv Liemba ikawa inawabeba kwa mamia kila safari hadi Kigoma, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu.

Picha za siku zile zilizunguka dunia. Zote zilifanana: umati mchangani, magodoro, ndoo, meli kwa mbali. Zilikuwa za kweli na zilileta msaada, nami nawashukuru waliozipiga. Lakini waliofika bandarini kwetu hawakuwa umati. Alikuwemo mama aliyekuwa akipanga namna ya kuufikisha mtaji wake wa khanga salama. Alikuwemo mzee aliyewahi kukimbilia upande huu mwaka 1972, akarudi kwao, na sasa alikuwa akivuka mara ya pili, akiutambua mlima mmoja mmoja. Kumweleza mzee yule, picha moja haitoshi. Anahitaji picha zifuatane.

Kizazi cha moto

Julai 2023 Disney+ ilitoa Kizazi Moto: Generation Fire, mkusanyiko wa filamu fupi 10 za katuni kutoka nchi 6 za Afrika, chini ya studio ya Triggerfish ya Cape Town, na Peter Ramsey, mmoja wa waongozaji wa Spider-Man: Into the Spider-Verse, akiwa mtayarishaji mkuu. Jina la mkusanyiko mzima limetoka katika Kiswahili. Filamu ya Mukii inaitwa Enkai, jina ambalo Wamaasai humwitia Mungu, na katika mikono yake Enkai ni binti mdogo mwenye mama, mtoto anayejifunza uzito wa kuumba.

Litazameni hilo kwa makini. Mmaasai ndiye aliyekaushwa kuliko watu wote wa Afrika Mashariki. Yupo kwenye kadi za posta, kwenye mabango ya utalii, kwenye vinyago vya duka la uwanja wa ndege, amesimama kwa mguu mmoja tangu enzi za wakoloni. Mukii alipopewa nafasi kubwa ya kuonekana na dunia, hakumchora akiwa amesimama. Aliingia kwenye imani, akachukua jina la Mungu, akalipa utoto, na mtoto hawezi kutulia.

Leo pamoja na kuongoza filamu anafundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Tufts, Boston. Na hayuko peke yake njiani. Dar es Salaam, tangu Januari 2014, Ubongo Kids imewafundisha watoto hisabati na sayansi kwa katuni za Kiswahili. Nairobi, mwaka 2010, studio ya Homeboyz ilikuwa imekwisha kuutikisa mchoro wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wetu aliyefariki mwaka 1972, wanyama wake wakaanza kutembea katika Tinga Tinga Tales, kipindi kilichobuniwa na mwanamke mwingine, Claudia Lloyd wa Uingereza.

Mkasi, karatasi nyeusi na taa

Hapa msomaji wa Kigoma ataniambia: hayo ni ya London na Boston, mwanangu hana kompyuta. Nami nitamjibu kwa habari ya mwanamke aliyewatangulia wote.

Lotte Reiniger alizaliwa Berlin mwaka 1899. Tangu utotoni alikuwa hodari wa kukata vivuli kwa mkasi. Mwaka 1923 mfanyabiashara mmoja wa benki, Louis Hagen, alimpa fedha na chumba juu ya gereji yake Potsdam. Pale, pamoja na mumewe Carl Koch na wasaidizi wachache, alilaza wanasesere wa karatasi nyeusi juu ya kioo kilichomulikwa kwa chini, akawasogeza kwa ncha ya kidole, wakapiga picha, akawasogeza tena. Zilipigwa picha karibu 300,000, zikatumika kama 96,000. Mwaka 1926 ikatoka The Adventures of Prince Achmed, filamu ndefu ya katuni ya zamani zaidi iliyobaki duniani, miaka 11 kabla ya Snow White ya Disney. Hadithi zake zilitoka Alfu Lela Ulela, hadithi ambazo wazee wetu wa pwani walizijua kabla ya sinema kuwapo. Vifaa vyake vikuu vilikuwa mkasi, karatasi, kioo na taa.

Ujiji kuna mkasi, kuna karatasi, kuna taa. Simu ya mkononi inapiga picha moja moja vizuri kuliko kamera ya Reiniger.

Na hadithi za kuhuisha tunazo. Kuna jambo moja la meli ya Liemba ambalo watoto wote wa bandarini hulisikia. Wajerumani walipoizamisha Julai 1916, ilipokuwa bado inaitwa Goetzen, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kabla maji hayajaifunika. Waliizamisha kwa nia ya kuja kuiinua. Waingereza ndio walioiinua, mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Kwa hiyo kuhifadhi kuna namna mbili. Kuna kuhifadhi ili kitu kitazamwe, na kuna kuhifadhi ili kitembee tena. Hadithi zetu nyingi ziko chini ya maji zikiwa na grisi. Bibi wa mtaa wa Gungu anayesimulia jioni ndiye aliyeipaka.

Nimepiga hesabu ambayo ninawaachia walimu wa Ujiji. Darasa la watoto 60 si jambo la ajabu kwetu. Kila mtoto akipewa michoro 12, atatengeneza sekunde moja, na darasa zima litatengeneza dakika moja kamili. Dakika moja inatosha. Mtoto wa kwanza atamchora Susi katika umati, asubuhi ile ya Novemba 1871. Wa pili atamchora akigeuka. Wa tatu atainua kisigino chake. Na hawa 57 waliobaki, kila mmoja kwa sekunde yake, watamkimbiza mjini Ujiji, kwenye vichochoro wanavyopita wao wenyewe wakienda shule.